Tone wa Ukutani

Mkahawa wenyewe ukiupita haraka huuoni. Umebanwa kati ya duka la vipuri vya pikipiki na kinyozi, una mlango mmoja na dirisha moja la kioo lililojaa ukungu wa mvuke, na juu yake zipo herufi nyekundu: CHAKULA CHA KICHINA, BEI POA. Herufi hizo alizichora Fundi Brashi. Ukitaka kumkera mwambie ile P imelala. Atakuapia mbingu na ardhi kwamba kilicholala ni ukuta, si P.

Huyu Fundi Brashi ndiye mchoraji mabango wa mitaa ile yote. Ng'ombe anayecheka kwenye bucha, kana kwamba hajui kinachomsubiri, ni wake. Wale vijana wenye nywele za kupendeza kwa kinyozi ni wake. Na zile "Usikojoe hapa" ukiziona ukutani, ujue nyingi ni mwandiko wake, na watu wanakojoa vilevile. Mtu mwenyewe mrefu, mkimya, na kucha zake hazijawahi kuwa safi tangu ujanani.

Kila Jumamosi mchana Fundi huenda kula pale kwa Mchina. Meza yake ni ileile ya pembeni, chini ya feni isiyozunguka, na anaagiza kilekile: tambi za kukaanga na birika la chai isiyo na sukari, chai ambayo kusema kweli haipendi hata kidogo. Pembeni yake wanakula madereva wa malori, walinzi wa maduka na wanafunzi wanaogawana sahani moja. Wao wamefuata chakula kingi kwa hela ndogo. Usidhani na Fundi anafuata tambi. Anafuata ukuta.

Maana ukuta ule wa ndani aliuchora yeye. Mkahawa ulipofunguliwa, mwenyewe, ambaye wateja humwita Bosi, alitaka picha ya familia inayokula, ili mtu akiingia ajisikie yuko kwa watu. Fundi hakuwa na familia ya kuiga zaidi ya yake. Akachora baba mmoja mrefu, na mama mwenye mabega mapana aliyejifunga kitambaa cha kijani kichwani, na katikati yao mtoto wa kike wa miaka sita, ameshika vijiti kwa ngumi, shavu moja limeingia kishimo kwa kucheka. Mtoto yule alikuwa bintiye. Alizaliwa mdogo mno, baba mtu akamwita Tone, kama tone la rangi lililodondoka kwenye brashi, na jina likamganda. Siku za uchoraji Tone alikalia ndoo ya mafuta iliyofunikwa, baba anamwambia tulia, yeye anarusha miguu. Mke wa Bosi, ambaye wateja wote humwita Shemeji, alimletea bakuli la tambi zisizo na kitunguu, kwa sababu Tone na kitunguu walikuwa paka na panya.

Mvua za mwaka ule hazikuisha kabla Tone hajaugua. Ilianza homa ya kawaida, wakapewa dawa, ikapoa, kisha ikarudi kwa kishindo. Hospitalini mama alilala naye sakafuni, na asubuhi moja alipotoka kwenda kumtafutia maji ya moto, mtoto akakata roho. Katika purukushani ile mwizi asiye na haya akapita na simu ya mama, na picha zote za Tone zilikuwa humo. Jamani! Wizi mwingine hata shetani anauonea haya.

Tangu hapo mama Tone akawa hataki kuitwa mama Tone. "Usiniite hivyo," alimwambia mumewe siku waliyorudi kutoka makaburini, na Fundi hakuthubutu tena. Akawa anamwita "mwenzangu", na siku nyingine hamwiti kitu, anakohoa kwanza ndipo aseme. Nguo za mtoto mama alizigawa zote wiki ileile. Akakaa na cherehani lake, akashona mapazia ya nyumba za watu, na mtaa wa ule mkahawa akawa haupiti hata kama njia yake ni hiyo.

Fundi yeye alibaki na ukuta. Simu yake ni kitochi, haipigi picha, wala hakujisumbua kutafuta yenye kupiga. Simu huibwa, alijiambia. Ukuta nani ataubeba? Moshi wa mafuta uliipaka picha rangi ya chai mwaka hadi mwaka, lakini kwa anayejua pa kutazama, mtoto alikuwepo, na kishimo chake.

Sasa hapa ndipo penye kasheshe. Fundi aliporudi pale mara ya kwanza baada ya msiba, Bosi na mkewe walikuwa hawajakijua Kiswahili. Maneno yao yalikuwa ya kuhesabia na kukaribishia tu. Shemeji alitoka jikoni anajifuta mikono, akaonyesha ukutani, akasema, "Tone?" huku ameinua kidole gumba. Fundi akamtazama. Angesemaje? Angelala sakafuni afumbe macho mbele za watu? Akainua kidole gumba na yeye.

Kosa lake lilikuwa hilo tu, la kidole. Lakini wale watu walikuja kukijua Kiswahili, wakakijua hasa, mpaka cha matani, na maswali nayo yakazidi kukua. Tone ameanza shule? Ameanza. Anaziweza hesabu? Zinamsumbua. Kitunguu bado hataki? Haa, usimtajie. Mbona hatumwoni? Yuko bweni siku hizi, Bosi, anakuja likizo tu. Na Fundi, mtu mzima na akili zake, akaanza kuyangoja maswali yale wiki nzima. Huko nje kote Tone alikuwa kaburini. Mle ndani, kwenye harufu ya tangawizi na mafuta ya kukaangia, alikuwa amefika kidato cha pili.

Mkewe hakujua. Alichojua ni kwamba mumewe kila Jumamosi anakwenda kula na ukuta, na alimwonea huruma na kumchukia kwa hilo, vyote kwa pamoja.

Asubuhi moja ya manyunyu Fundi alimkuta amekaa mbele ya cherehani, pazia limelala magotini, hashoni.

"Nimemwota," mkewe akasema.

Fundi akaweka kikombe chini taratibu. Hakuuliza nani.

"Alikuwa anakuja kwangu mbio, ile mbio yake ya kurusha miguu. Amefika, nimemwinua, hana sura." Akajipangusa uso kwa pindo la pazia la watu. "Nimeamka nikasema ngoja nimkumbuke vizuri. Nimekaa hapa tangu saa hizo. Nywele nazipata. Sauti naipata. Sura siipati. Mama gani mimi?"

"Hata mimi bila ule ukuta..."

"Bado ipo, hiyo picha?"

"Ipo."

"Inafanana naye kweli, au ndiyo kama ng'ombe wako wa buchani?"

"Ni yeye kabisa," Fundi akasema. "Nakuapia."

"Basi nipeleke Jumamosi. Kabla sijabadili nia."

Siku ileile Fundi alikwenda mkahawani, kuomba meza yake isikaliwe na mtu. Alimkuta Bosi kaunta, anavunja maharage mabichi.

"Bosi, Jumamosi nakuja na mama Tone."

"Mama Tone!" Bosi akapiga makofi, maharage yakatawanyika. Akamwita mkewe kwa lugha yao, na Shemeji akachomoza kichwa jikoni, uso umelowa mvuke, anacheka. "Hatimaye! Kumbe likizo imeanza? Mnakuja wote?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Neno moja tu lilitosha. Fundi alilitafuta, akakuta ulimi umekauka.

"Tunakuja," akasema.

Alijipa moyo: nitapita Jumamosi asubuhi, kabla ya yote, niwaambie. Watanisamehe, au wasinisamehe, ila mwenzangu asije akaulizwa. Na kweli Jumamosi asubuhi alivaa viatu, akatembea mpaka kwenye duka la vipuri, akasimama pale anatazama minyororo ya pikipiki kama mtu anayetaka kununua. Hatua chache zilibaki. Akageuka, akarudi nyumbani. Ulimi wa kumwua mtoto mara ya pili hakuwa nao. Laiti angeingia, walau angeona mapema.

Mchana mkewe alitoka chumbani amejifunga kitambaa cha kijani. Kilikuwa kimechuja, kina tobo dogo karibu na sikio, lakini kilikuwa chenyewe. Fundi akakitazama, akafungua mwavuli. Walipokaribia, harufu ya tangawizi ikawapokea, na mkewe akamshika mkono wa koti.

"Karibuni! Karibuni!" Bosi alikuwa amevaa shati jeupe, la pasi. Jamani, alikuwa amechana hata nywele. Meza ya pembeni ilitandikwa kitambaa kipya cha plastiki, na juu yake yalipangwa mabakuli matatu.

Fundi akainua macho ukutani.

Kwanza hakuelewa anachokiona. Ukuta uling'aa. Ule ukungu wa mafuta wa miaka yote ulikuwa umeondoka. Baba mrefu alikuwa msafi, shati lake la buluu limerudi kuwa buluu, na mama amependeza, kitambaa chake cha kijani kibichi kuliko kile alichokivaa mwenyewe. Katikati yao palikuwa na nyeupe. Nyeupe tupu, ya brashi pana, imekwenda juu na chini. Chini kabisa ya ile nyeupe, juu ya bakuli, ulibaki mkono mmoja mdogo ulioshika vijiti kwa ngumi.

"Umeona?" Bosi hakuweza kujizuia. "Shemeji wako amesugua siku nzima, kwa ile dawa kali ya makarai! Baba ametakata, mama ametakata."

"Na..." Fundi akasema.

"Tone nimemfuta. Nimempaka nyeupe mimi mwenyewe." Akacheka, anamtazama Fundi kama anayengoja kupigwa busu. "Msichana wa kidato cha pili! Aje ajikute bado katoto kanakoshika vijiti kwa ngumi? Si atatununia? Atakaa pale kwenye kiti, utamchora alivyo sasa. Rangi nimenunua. Brashi nimenunua. Nzuri, siyo za bei poa."

Na kweli zilikuwepo, juu ya kistuli, makopo madogo yamepangwa na brashi mbili bado ziko kwenye karatasi zake. Fundi akatamani sakafu ipasuke imnyonye na viatu vyake.

Mkewe alikuwa hajaachia mkono wa koti. Alitazama ukuta, akatazama mabakuli matatu, akatazama tena ukuta.

"Yuko wapi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Alikuwa pale."

"Wanamsema nani, huyo wa kidato cha pili?"

"Sikuwaambia," Fundi akasema.

"Hukuwaambia nini?"

Fundi akaona mkewe anaelewa. Akaiona ile habari inamwingia polepole, inashuka. Mkono wake ukaachia koti. Sasa atapiga yowe, Fundi alifikiri, na ana haki. Apige, madereva wote wa malori wasikie, yaishe.

Shemeji akatoka jikoni na sinia. Alikuwa amepika vimandazi vya mvuke vyenye nyama, supu ya mayai, samaki mzima wa tangawizi, vitu ambavyo Fundi hajawahi kuviagiza maishani. Bakuli moja la tambi aliliweka peke yake, mbele ya kiti kitupu. "Hizi za Tone, hazina kitunguu hata kimoja," akasema. Kisha akamshika mama mikono yote miwili, mikono yake ikiwa bado myekundu kwa ile dawa ya kusugulia. "Mama Tone! Miaka yote nakuona ukutani tu. Tone hajambo? Mbona hamkuja naye?"

Fundi akafumba macho. Mtu alikuwa anakunywa supu kwa kelele meza ya nyuma.

"Hajambo," mkewe akasema.

Fundi akafumbua macho.

"Hajambo kabisa," mkewe akaendelea, na sauti yake ilikuwa kavu lakini haikukatika. "Ana mitihani, ndiyo maana. Amewasalimu. Amekuwa mrefu huyo, sikwambii, anataka kunipita. Na maneno sasa! Ukimwambia fagia, anakuuliza kwa nini mimi. Viatu kila muhula vinambana."

"Ndivyo walivyo!" Shemeji akacheka. "Wangu vilevile!"

"Na kitunguu bado anakitoa kimoja kimoja anakipanga pembeni ya sahani."

Miaka yote ile Fundi hakuwahi kumsikia anasema maneno mengi kiasi kile. Alimtazama kama mgeni. Uso wake ulikuwa umechangamka, na macho yake yalikuwa ya mtu anayezama.

"Basi hamna neno," Bosi akasema, na akaichomoa brashi kwenye karatasi, akampa Fundi. "Mama yupo. Wewe chora, mama atasema. Akitoka bweni likizo tutarekebisha."

Fundi akaishika ile brashi. Wateja waligeuka kutazama, na dereva mmoja akasema haya mchoraji, tuonyeshe kazi. Fundi akasogea ukutani, akasimama mbele ya ile nyeupe. Mkono uliochora mitaa ile yote, bucha zake na vinyozi wake, ukaganda hewani. Alijaribu kumwona. Akaona ukuta. Kila alipomtafuta mtoto, alipata rangi aliyoiweka yeye, na rangi yenyewe ilikuwa imeondoka.

Akageuka kwa mkewe, akamnong'oneza. "Kishimo kilikuwa shavu gani?"

Mkewe akafungua mdomo. Akainua kidole, akagusa shavu lake la kulia. Akakitoa. Akagusa la kushoto. Akabaki hivyo, kidole kimesimama karibu na uso, hajui akipeleke wapi.

"Huku," Shemeji akasema kwa furaha, anajidonoa shavu la kushoto. "Huku! Jana nimemsugua mimi, namjua. Ilikuwa tabu kutoka, hiyo sehemu."

"Ndiyo," mama akasema. "Hapo hapo."

Lakini Fundi alimtazama, akajua kwamba amekubali tu. Angeambiwa la kulia angekubali vilevile.

Akakandamiza kidole kwenye ile nyeupe. "Bado mbichi hii, Bosi," akasema. "Rangi ya chini haijashika. Nikichora sasa itabanduka. Tutarudi."

"Ah! Kosa langu," Bosi akasema. Alisikitika kweli, maskini. "Nilitaka iwahi."

Wakaketi, wakala. Mtu aliyepikiwa samaki mzima hawezi kuinuka akaenda zake. Walikula kwa utii, hawatazamani, huku Shemeji akiwaongezea kila bakuli likipungua. Za Tone zikapoa, zikashikana. Walipokuwa wanaaga, Shemeji akazimimina kwenye mfuko, akaufunga fundo, akampa mama. "Mpelekee," akasema. Mama akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Nje manyunyu yalikuwa hayajakoma. Mwavuli waliusahau ndani, na hakuna aliyesema warudi kuuchukua. Walipita kinyozi, wakapita bucha yenye ng'ombe anayecheka. Fundi alikuwa anangoja atukanwe, na kadiri walivyotembea bila kutukanwa ndivyo alivyozidi kuumia.

"Nisamehe," akasema mwishowe.

Mkewe aliubeba ule mfuko kifuani. Wakatembea mpaka karibu na kwao.

"Uliwaambia yuko kidato cha ngapi?" akauliza.

"Cha pili."

"Na anakaa bweni."

"Anakaa bweni."

"Kitanda cha juu au cha chini?"

Hilo Bosi na Shemeji hawakuwahi kumwuliza. Fundi akafikiri. "Cha juu," akasema. "Alikitaka mwenyewe."

"Ataanguka," mkewe akasema, na hapo ndipo alipolia. Hakuwahi kulia mbele ya Fundi, hata makaburini. Alisimama katikati ya njia na mfuko wake wa tambi, akalia kwa kwikwi, watu wanawapita na miavuli yao.

"Haanguki, mama Tone," Fundi akasema, na safari hii mkewe hakumkataza.